Tangi la chumvi moto: chuma cha kawaida, stenlesi au nikeli?

Ukiingia kwenye karakana za jua kali za Kibuye hapa Kisumu na mchoro wa tangi la kuhifadhi joto, fundi atakuuliza kwanza unataka bamba la unene gani. Mchoro huohuo ukiupeleka kwa mhandisi wa chuo, atakuuliza stenlesi ya namba gani. Wote wawili wameanzia mwisho. Tangi hilo hutunza joto ndani ya chumvi iliyoyeyuka, kwa hiyo lina maswali mawili yanayotangulia hayo: ni chumvi ipi, na itapashwa hadi nyuzi ngapi. Ukishayajibu, chuma karibu kinajichagua chenyewe, na mara nyingi kinakuwa cha bei ya chini kuliko ulivyojiandaa kulipa.

Hapa nalinganisha familia tatu za vyuma zinazotajwa kila mara habari hizi zikizungumzwa: chuma cha kawaida cha kaboni, stenlesi, na aloi (michanganyiko ya metali) za nikeli. Nazipima ndani ya chumvi za aina tatu, yaani nitrati, kloridi na floridi. Sitazipa nafasi sawa. Mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anayetaka kuweka akiba ya joto la jua, au la stima ya usiku ambayo viwanda huuziwa kwa bei nafuu, ili aoke mikate au apikie shule nzima, huyo ni mtu wa nitrati. Kloridi na floridi atakutana nazo kwenye habari tu, ila ni vizuri ajue kwa nini asizikaribie.

Chumvi inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu asilimia 60 na nitrati ya potasiamu asilimia 40, kwa uzito. Huanza kuganda ikishuka hadi karibu nyuzi 240 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), huvumilia joto hadi 565, na ikipita 600 huanza kuvunjika na kutoa gesi. Haichemki katika joto hilo, kwa hiyo tangi halina presha ya mvuke. Kituo cha umeme wa jua cha Andasol 1 kule Uhispania, kilichokamilika 2008, kina takriban tani 28,500 za chumvi hii, na kinaweza kutoa megawati 50 kwa saa saba na nusu baada ya jua kutua.

Kromiamu haina tabia moja

Watu wengi wanaamini stenlesi haishiki kutu kwa sababu ni "chuma kigumu". Siri yake ni kromiamu. Kromiamu ikikutana na oksijeni huunda utando mwembamba sana wa oksidi juu ya chuma, nao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, kama utando wa uji unaopoa baada ya kukorogwa. Ndiyo maana sinki la jikoni linang'aa miaka nenda miaka rudi.

Ndani ya nitrati utaratibu huo unaendelea. Nitrati yenyewe ina oksijeni na huitoa kwa chuma, kwa hiyo utando unajengwa ndani ya chumvi hiyohiyo. Hata chuma cha kawaida, kisicho na kromiamu, hujifunika kwa oksidi nyeusi inayoshika vizuri, mradi joto lisizidi.

Kwenye kloridi na floridi mambo yanageuka. Chumvi hizi huyeyusha oksidi zinazomlinda chuma, na oksijeni ya kujenga utando mpya haipo. Chuma kinabaki uchi. Hapo chumvi huchagua metali iliyo rahisi kuchukuliwa, na ya kwanza kwenye foleni ni kromiamu, kisha chuma chenyewe, na nikeli ya mwisho. Maana yake, kitu ulicholipia stenlesi ndicho kinachoondoka mapema zaidi, kikiacha vishimo na mifereji inayofuata mipaka ya chembe za chuma. Kwa nje bamba linaweza kuonekana zima, huku ndani likiwa limekuwa sifongo.

Wenzetu wanaofanya kazi kwenye visima vya mvuke wa ardhini huko Olkaria wana ujuzi mkubwa wa kutu ya majimaji yenye chumvi, na ni kawaida kuwasikia wakipendekeza aloi walizozizoea. Ujuzi huo ni wa thamani, lakini hauhami moja kwa moja. Kule chumvi imo ndani ya maji, na maji ndiyo yanayobeba kazi yote. Huku hakuna maji, au hayatakiwi kuwepo, na joto mara nyingi ni la juu zaidi.

Nitrati: chuma cha kawaida dhidi ya stenlesi

Huu ndio ulinganisho wenye faida kwetu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mpaka uko karibu nyuzi 400. Chini ya hapo chuma cha kawaida kinatosha kabisa. Kwenye nyuzi 300 hivi, vipande vya majaribio ndani ya chumvi safi hupoteza mikromita chache tu kwa mwaka. Mikromita elfu moja ndiyo milimita moja, kwa hiyo bamba la milimita 6 linalopoteza mikromita 5 kila mwaka litakuwa limepungua sehemu ya kumi na tano tu ya milimita baada ya miaka kumi na mitatu. Tangi litachakaa kwa sababu nyingine kabla ya hilo kuwa tatizo. Ushahidi si wa maabara peke yake: pale Andasol tangi la baridi, la chumvi iliyokwisha kutoa joto lake, hukaa karibu nyuzi 290 na la moto halizidi 390, na yote mawili ni ya chuma cha kaboni. Kama kituo kizima cha umeme kimetosheka nacho, jiko la shule litatosheka.

Joto likipanda juu ya hapo, chuma cha kawaida huanza kushindwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Utando wake unakuwa mnene, unavimba, unatoka kwa magamba, na kila gamba likidondoka linaacha chuma kipya wazi. Pia nguvu yake inapungua, na bamba lililobeba uzito kwa muda mrefu huanza kunyooka taratibu kama lililochoka. Magamba hayo hayapotei. Yanazama chini ya tangi na kuingia kwenye pampu na valvu.

Stenlesi ndiyo inayotawala kati ya 400 na 565. Kwenye nyuzi 570, aina ya 304 na 316 hupoteza takriban mikromita 6 hadi 15 kwa mwaka. Tazama hesabu hiyo vizuri: stenlesi katika joto la juu inaliwa kwa kasi sawa au zaidi kidogo kuliko chuma cha kawaida katika joto la chini. Stenlesi si bora kuliko chuma cha kawaida kila mahali. Unailipia nyuzi za ziada, na kama huzihitaji nyuzi hizo, umezitupa pesa. Mtambo wa majaribio wa Solar Two kule California, uliofanya kazi kuanzia 1996 hadi 1999, uligawa kazi hivyohivyo: tangi la moto la stenlesi 304, tangi la baridi la chuma cha kaboni.

Kati ya stenlesi zenyewe, tofauti ndani ya nitrati ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. 304 ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli 8. 316 imeongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo husaidia sana kwenye maji ya chumvi lakini kwenye nitrati moto faida yake si kubwa. 347 ina niobi, inayoshika kaboni ili isiibe kromiamu wakati wa kuchomelea. Kama unajenga kitu kidogo cha nyuzi 450, chukua 304L au 316L, yoyote iliyopo dukani kwa bei nzuri. Herufi L ina maana kaboni imepunguzwa hadi asilimia 0.03. Ukipanda karibu na 565 kwa tangi kubwa, mambo yanabadilika, kwa sababu kaboni hiyohiyo ndiyo inayompa chuma nguvu ya kustahimili joto kwa miaka. Kanuni za matangi ya presha hudai isipungue asilimia 0.04 joto likipita 538, na hapo ndipo aina zenye herufi H zinapoingia.

Jihadhari na kitu kimoja madukani. Fundi atachukua sumaku, ataona haishiki, atakuambia hii ni 304. Sumaku haiwezi kukuambia hivyo. Aina ya 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na manganisi ikawekwa mahali pake, nayo haishiki sumaku. Inafaa kwa vishikio vya ngazi na mageti. Kwa tangi la nyuzi 500 sipendekezi kabisa. Dai cheti cha kiwanda kinachoonyesha mchanganyiko wa aloi na namba ya kundi, kisha uhakikishe namba hiyo imepigwa kwenye bamba lenyewe. Muuzaji asiyekuwa na cheti auze kwa bei ya 201.

Dalili moja ya kutambua: chumvi ikianza kuwa na rangi ya manjano kali baada ya kufanya kazi ndani ya stenlesi, ni kromiamu inayotoka na kuwa kromati. Kidogo si jambo la kushangaza. Lakini kromati ni sumu inayosababisha saratani, kwa hiyo chumvi ya zamani haimwagwi mtaroni, na hasa si mtaro unaoishia ziwani.

Mfuko wa chumvi una usemi kuliko bamba

Hapa ndipo naona miradi mingi ikiharibika. Mtu anahangaika na aloi, kisha anajaza tangi na chochote alichokipata. Chuma kilekile, kwenye joto lilelile, kinaweza kuliwa mara kadhaa zaidi kwa sababu ya uchafu ulioko kwenye chumvi, na uchafu mbaya zaidi ni kloridi. Nitrati nyingi za asili huchimbwa kwenye jangwa la Atacama, Chile, ambako zimo ardhini pamoja na chumvi ya kawaida na salfati, kwa hiyo daraja za bei ya chini hubaki na kloridi. Chumvi iliyosafishwa kwa ajili ya mitambo ya joto huwekewa kikomo cha kloridi ambacho ni sehemu ndogo tu ya asilimia 1.

Kwetu sisi, chanzo kilicho karibu ni agroveti. Nitrati ya potasiamu huuzwa kwa wakulima wa nyanya na maua wanaotumia vibanda vya plastiki, na Nakuru na Naivasha imejaa wateja wake. Mfuko wake una namba 13-0-46. Hiyo inafaa, ukichagua ile inayoyeyuka yote ndani ya maji bila kuacha mashapo, na usome kiwango cha kloridi kwenye karatasi ya kiufundi. Ila ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 334, kwa hiyo lazima upate pia nitrati ya sodiamu kutoka kwa wauza kemikali, la sivyo chumvi itaganda kabla hujaoka chochote.

Mifuko mingine mitatu inayofanana na hiyo kwa jina isikaribie moto. CAN, ile mbolea ya kukuzia mahindi, ina nitrati ya amonia ndani yake, na nitrati ya amonia ikipashwa inaweza kulipuka. Kalsiamu nitrati ya vibanda vya plastiki, 15.5-0-0, nayo ina amonia kidogo na maji yaliyofungwa ndani ya chembe. Na MOP ni kloridi ya potasiamu tupu. Haitalipuka, lakini umemletea chuma chako adui mwenyewe kwa kilo hamsini. Ninasema hivi kwa kuwa jina "potasiamu" likitajwa kaunta, kijana wa duka anaweza kukuletea mfuko wowote kati ya miwili.

Kuna hatari nyingine isiyohusu kutu, lakini siwezi kuiruka. Nitrati iliyoyeyuka huchochea moto vikali. Makaa, maranda ya mbao, mafuta ya kupikia, sukari, gasketi za mpira, matambara: chochote kinachoungua, kikiangukia humo, kinaweza kuwaka kwa kishindo. Sufuria za alumini zisitumike kabisa, wala magnesiamu. Na maji yasiingie kwenye chumvi moto, hata jasho la kipande cha chuma kilicholala nje usiku. Hugeuka mvuke ghafla na kurusha chumvi usoni. Chumvi mpya ikaushwe polepole kabla ya kuyeyushwa.

Kutu inasingiziwa mengi

Matangi makubwa yaliyovuja hayakuvuja kwa sababu chumvi ilikula bamba. Mtambo wa umeme wa jua wa Crescent Dunes huko Nevada, Marekani, wa megawati 110, ulivuja tangi lake la moto 2016, na tangi hilo lilikuwa la stenlesi 347. Noor III kule Ouarzazate, Moroko, wa megawati 150, ulisimama 2024 kwa tatizo la namna hiyo. Kwenye matangi ya aina hii shaka kubwa iko kwenye mikazo: sakafu ya tangi inapanuka bila usawa, inasuguana na msingi, na mishono iliyobaki na mvutano wa kuchomelewa hupata nyufa ikikaa muda mrefu kwenye joto hilo.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo. Tangi la stenlesi lenye kipenyo cha mita 2, likipashwa kutoka joto la chumba hadi 565, hupanuka karibu sentimita 2 upande kwa upande. La chuma cha kawaida, likipashwa hadi 300, hupanuka karibu milimita 7. Ukilifunga tangi kwenye zege kwa boliti pande zote, umeshalipangia ufa. Liache likae juu ya matofali ya moto au mchanga mkavu, na mabomba yawe na kona zinazoweza kujikunja.

Katika hili chuma cha kawaida kinashinda tena. Kinapanuka kidogo, kinachomelewa kwa urahisi na fundi yeyote mwenye mkono mzuri, na mshono wake mbaya unaweza kukatwa kwa grenda na kurudiwa. Stenlesi ikipashwa kupita kiasi wakati wa kuchomelea, ukanda wa kando ya mshono hupoteza kromiamu yake kwa kaboni, nao ndio unaopasuka baadaye. Isitoshe, stenlesi yenye mabaki ya chumvi iliyochanganyika na kloridi, ikipoa na kuvuta unyevu wa hewa (na unyevu wa Kisumu unaujua), hupata nyufa nyembamba kama nywele. Tangi la stenlesi likizimwa kwa muda mrefu lioshwe na likaushwe. Wala usichomelee chuma cha mabati kwenye stenlesi: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kupenya ndani ya mipaka ya chembe za stenlesi, na chuma kinachoonekana kizima hukatika ghafla.

Kloridi na floridi: uwanja wa nikeli

Kwa nini basi mtu azitake kloridi? Kwa sababu nitrati inakoma 565, na mitambo ya kizazi kipya inataka kupita 700 ili igeuze joto nyingi zaidi kuwa umeme. Mchanganyiko wa kloridi za magnesiamu, potasiamu na sodiamu unavumilia joto hilo na bei yake ni ya chini. Shida ni hiyo niliyoieleza ya kromiamu, pamoja na nyingine: kloridi ya magnesiamu hufyonza maji hewani kama chumvi ya mawe msimu wa mvua, na ikipashwa na maji hayo hutoa asidi ya hidrokloriki ndani ya tangi lako.

Watafiti wa maabara ya NREL ya Marekani walichapisha 2016 vipimo vya vyuma kadhaa ndani ya kloridi za sodiamu na lithiamu kwenye nyuzi 650. Stenlesi 347 ilipoteza zaidi ya milimita 7 kwa mwaka. Inconel 625, aloi ya nikeli yenye bei ya kutisha, ilipoteza karibu milimita 2.8. Linganisha na mikromita 15 za nitrati. Hata nikeli, ndani ya kloridi isiyosafishwa, ni kama umemwaga pesa mtoni. Aloi ya nikeli inayotajwa sana sasa ni Haynes 230, lakini mafanikio makubwa hayakutoka kwa aloi; yalitoka kwa kusafisha chumvi: kuondoa maji na oksijeni kabisa, kufunika tangi kwa gesi isiyo na oksijeni, na kuongeza magnesiamu ya metali kidogo ndani ya chumvi, ambayo hujitoa mhanga badala ya kromiamu. Ona somo linarudi palepale kwenye mfuko wa chumvi.

Floridi ni habari za nyuklia, na tangu Siaya itajwe kuwa huenda ikajengewa kinu, maswali yake yamefika hata mezani kwa chai. Kinu cha majaribio cha Oak Ridge, Tennessee, kilitumia mafuta ya urani yaliyoyeyushwa ndani ya floridi kuanzia 1965 hadi 1969. Wahandisi wake waliunda aloi maalumu, Hastelloy N, yenye nikeli karibu asilimia 70, molibdeni 16, na kromiamu 7 tu. Kromiamu ilipunguzwa kwa makusudi: ikiwa ndiyo inayoibiwa kwanza, wekeni kidogo, kiasi cha kulinda upande wa nje ulioko kwenye hewa. Aloi ilistahimili vizuri, ingawa ilionekana kuwa teluri, elementi inayozaliwa urani inapogawanyika, hupasua mipaka ya chembe zake. China inaendesha kinu kidogo cha namna hiyo mkoani Gansu, cha megawati 2 za joto, kwa aloi iliyo ndugu wa Hastelloy N. Kampuni ya Kairos Power imechagua njia tofauti kwa kinu chake cha majaribio hukohuko Oak Ridge: chumvi ya floridi isiyo na mafuta ndani yake, na stenlesi 316H ya kawaida, ikitegemea usafi wa chumvi kuilinda. Binafsi naona hiyo ndiyo njia yenye akili, kwa kuwa welda wa 316 wapo dunia nzima.

Fundi wa Kibuye au Nakuru hana sababu ya kununua nikeli kwa tangi la nitrati. Akikuambia Inconel "itadumu zaidi", ni kweli, lakini itadumu zaidi ya jengo, ya shule na yako.

Kupima kabla ya kununua

Chukua vipande vya bamba unalofikiria kununua, sentimita 5 kwa 2, kimoja kikiwa na mshono wa fundi uleule atakayejenga tangi. Vitundike ndani ya chungu kidogo cha chumvi uliyonunua, kwenye joto la kazi, na uvipime uzito kabla na baada. Kipande cha ukubwa huo kikipoteza mikromita 10 pande zote mbili kinapungua takriban gramu 0.16. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu wa Migori na Kakamega, inayosoma gramu 0.01, inaona tofauti hiyo. Lakini mikromita 10 ni za mwaka mzima. Mwezi mmoja utakupa gramu 0.013, na hapo mizani hiyo inakisia tu. Kwa jaribio la wiki chache omba mizani ya maabara ya chuo. Usisahau kuondoa oksidi kabla ya kupima, kwa sababu utando huongeza uzito na unaweza kukufanya uamini kuwa chuma chako kinanenepa.

Kama kipande chenye mshono kimepoteza zaidi kuliko kile kisicho nao, tatizo ni uchomeleaji. Kama vyote vimepoteza sana, rudisha chumvi.

Mimi ningechukua nini

Kwa tanuri la mikate au jiko la shule, nyuzi 260 hadi 380: chuma cha kawaida, bamba la milimita 6 badala ya 4, na pesa iliyobaki iende kwenye chumvi safi na pamba nene ya kuzuia joto. Sioni mjadala hapa.

Kwa mradi wa chuo unaotaka kuzungusha mvuke na kufika 500: tangi mbili, la moto 316L yenye cheti, la baridi chuma cha kawaida, na zisichomelewe pamoja bali ziunganishwe kwa flanji, kwa kuwa hazipanuki sawa. Aliye na pesa na nia ya kufika 565 atafute mhandisi wa matangi kwanza, kisha 347H, kwa mpangilio huo.

Kuna sehemu moja ambayo hata tangi la chuma cha kawaida linastahili aloi ya bei: ganda la hita ya stima. Kipimajoto katikati ya tangi kikisoma 380, uso wa hita unaweza kuwa juu kwa nyuzi mia moja au zaidi, na chumvi iliyoganda kuizunguka asubuhi huizidishia joto kabla haijayeyuka. Nunua hita yenye ganda la Incoloy 800 (aloi ya chuma, nikeli na kromiamu) au 316, ilaze kwa namna ambayo sehemu yake moja inafika juu ya uso wa chumvi ili chumvi inapoyeyuka na kutanuka ipate pa kwenda, kisha funga kipimajoto cha pili kwenye ganda lenyewe na ukiunganishe na swichi ya kuzima.